Bagi ya rimoti: mota ikae nyuma au katikati?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi niko Leicester huku Uingereza, na kijana wangu tumeingia kwenye hizi bagi za rimoti za mashindano, yaani vigari vidogo vya kukimbiza kwenye njia mbovu, zile za saizi 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi) zinazosukumwa na tairi mbili za nyuma. Klabu yetu kiangazi wanakimbiza nje kwenye nyasi bandia, baridi ikiingia wanahamia ukumbini kwenye kapeti. Kuna mtu anauza ya mtumba, mota imekaa nyuma kabisa, bei ya kutupa, ila pale klabuni karibu wote mota zao ziko katikati. Nichukue au niache?

JIBU: Iache ndugu yangu, kwa viwanja hivyo vyenu itawapa shida kila kona.

Ngoja nikueleze kwanini. Mota ya saizi ya 540, ndio ya kawaida kwenye bagi hizi, peke yake ina gramu kama 150 hadi 180 hivi, na kwenye gari dogo kama hilo huo ni mzigo mkubwa. Mota ikiwa nyuma maana yake imening'inia nyuma ya ekseli, yaani imepita hata tairi. Ukivuta trega, kile kitufe cha mwendo kwenye rimoti, uzito unakaa juu ya tairi za nyuma, zinashika vizuri, hapo ni raha tupu. Sasa njoo kwenye kapeti au nyasi bandia ambako tairi zinashika zenyewe tayari, ule uzito wa nyuma hauna kazi tena, unageuka tatizo: ukitoka kona kwa kasi pua inanyanyuka na gari linakataa kukata linaenda nje tu, halafu ukifunga breki kuingia kona inayofuata mkia unataka kukupita. Ni kama pikipiki iliyobebeshwa gunia la mkaa nyuma ya kiti, barabara ya moja kwa moja inaenda ila kugeuka ndio mtihani.

Mota ikiwa katikati inakaa mbele ya ekseli ya nyuma, betri iko mbele yake, uzito umekusanyika, kwahiyo gari linabadilisha upande haraka na pua haipai ovyo.

Na usidhani ni fasheni tu. RC10 ya Team Associated iliyotoka 1984 ilikuwa na mota nyuma, na miaka mingi baada ya hapo bagi za tairi mbili zilikuwa hivyohivyo, manake watu walikuwa wanakimbiza kwenye udongo uliolegea. Viwanja vilipoanza kushika, watengenezaji wakafuata uwanja. TLR 22, bagi ya kampuni ya Team Losi Racing, ikaja inakubali mota nyuma au katikati, wewe ndio unachagua wakati wa kuifunga. Associated wakauza bagi zao B5 ya mota nyuma na B5M ya mota katikati bega kwa bega, na kizazi kilichofuata, yaani B6 na B6D, zote mbili zikawa za katikati. Schumacher wa hapo hapo Uingereza nao wana bagi ya kapeti na bagi ya udongo, mota ni katikati kote, wanachotofautisha sana ni giaboksi na mgawanyo wa uzito. Kwahiyo mtafutie kijana ya mtumba ya mota katikati, hata kama ni toleo la zamani kidogo, ataanza kufurahia mapema na wewe utapumzika kununua tairi kila wiki ukidhani tatizo ni tairi.

SWALI: Fundi mimi niko Dodoma, uwanja wenyewe tumeuchonga na jembe, udongo mkavu, vumbi na kokoto ndogondogo. Bagi yangu ni TLR 22, mota iko katikati. Nikitoka kona nikavuta trega inazunguka mzima mzima. Nirudishe mota nyuma?

JIBU: Kaka wewe ndio mtu ambaye mota ya nyuma bado inamfaa kabisa, na nafurahi sana kusikia mmechonga uwanja wenyewe. Lakini usifungue giaboksi leo, kuna mambo ya bure ya kujaribu kwanza.

Kama unatumia betri fupi ya lipo ya 2S (yaani ya seli mbili), isogeze nyuma mpaka iguse mota, halafu ile spondji uliyokuwa umeweka nyuma ihamishie mbele ya betri. Utashangaa sentimita mbili zinafanya nini. Ukitaka kuona kwa macho chukua mizani mbili za jikoni zinazolingana urefu, tairi za mbele kwenye moja za nyuma kwenye nyingine, andika, sogeza betri, pima tena. Halafu ingia kwenye spidi kontrola, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota, punguza ukali wa mwanzo wa trega, maana kwenye vumbi mota ikiamka kwa hasira tairi zinachimba tu. Tairi nazo, zile za miiba mirefu ya mpira iliyoachana ndio za udongo uliolegea, za miiba mifupi ya kapeti huko Dodoma zitateleza tu.

Jambo jingine ni gia ndani ya giaboksi. Ikiwa na gia tatu mota inazunguka kinyume na tairi, ikiwa na gia nne inazunguka upande mmoja na tairi, na hapo ukivuta trega chasisi inasukumwa kukaa nyuma zaidi. Kwenye vumbi na mota katikati gia nne zinasaidia kweli, kwenye kapeti wengi wanapenda tatu. Baadhi ya matoleo ya 22 yalikuja na vifaa vya aina zote mbili, kwahiyo angalia toleo lako kabla hujaagiza kitu.

Ukifanya yote hayo na bado inazunguka, basi rudisha mota nyuma bila wasiwasi. Ukimaliza kufunga, kabla ya kuiweka chini ishike juu mkononi, vuta trega kidogo sana uone tairi zinaenda upande gani. Zikienda kinyume, na kama mota yako ni ya sensa (ile yenye waya mdogo wa ziada wa kuiambia spidi kontrola mota iko wapi), usichezee zile waya tatu kubwa, A lazima iende A, B kwa B, C kwa C, mwelekeo unabadilishwa kwenye setingi za spidi kontrola. Na tegemea pua itakuwa nyepesi kwenye kuruka, kwahiyo ukiwa hewani gusa breki kidogo ishuke, usivute trega maana itazidi kupanda na utatua kwa mkia.