Maswali na majibu: Maji yanayokata chuma, na kazi inayobaki kwa fundi wa lezi

Tangu nigusie mashine ya kukata chuma kwa maji, maswali yamekuja kwa wingi kutoka pande zetu za Kigoma: Mwanga, Ujiji, Kibirizi na hata Uvinza. Nimeanza na yale yanayowahusu wengi.

Shikamoo fundi. Hivi kweli maji yanakata chuma, au ni maneno ya wauza mashine? – Kijana wa Ujiji

Marahaba. Ni kweli kabisa. Pampu inayasukuma maji hadi mgandamizo wa baa 4,000 hivi, wakati tairi la gari dogo lina baa mbili na kidogo. Maji hayo yanapitishwa kwenye kitundu cha robo hadi theluthi ya milimita, kilichotobolewa ndani ya kito kama rubi, yakuti au almasi. Yakitoka hapo yanakwenda kwa kasi inayozidi ya sauti zaidi ya mara mbili.

Hata hivyo, maji matupu yanaishia kwenye raba, sponji na gaskiti. Kinachokata chuma ni mchanga wa jiwe gumu liitwalo garneti, unaovutwa ndani ya mkondo huo, kila punje ikiondoka na chembe ya chuma. Mchanga huo uliingizwa kazini kuelekea mwaka 1980, na mhandisi Mohamed Hashish akiwa Marekani.

Kaka, flanji (bamba la kuungia lenye matundu ya boliti) ya stenlesi ya boti langu, unene milimita 12, ilikatwa kwa plazima. Imepinda, na ukingoni inaota kutu. Ikikatwa kwa maji itakuwa tofauti? – Mwenye boti, Kibirizi

Itakuwa tofauti sana. Kilichokuponza ni joto. Plazima, ule mwali mkali wa umeme unaoyeyusha chuma, inapopita, ukingo unatanuka, kisha unapoa na kusinyaa, ukilivuta bamba zima upande mmoja. Joto hilohilo linaharibu kromiamu ya pale ukingoni, nayo ndiyo inayoizuia stenlesi isishike kutu. Maji hayaunguzi ukingo. Bamba linabaki limenyooka na chuma kinabaki na tabia yake ileile.

Usiitupe hiyo uliyonayo kabla hujaiangalia vizuri. Ona ile rangi ya bluu na kahawia pembeni: isage mpaka iishe yote. Tumia diski mpya ya grinda, ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Diski iliyosaga nondo jana inapandikiza chembe za nondo kwenye stenlesi yako, na chembe hizo zitaota kutu hata kama bamba ni zima. Nimeona kazi nzuri zikilaumiwa bure kwa sababu hiyo. Ukiagiza mpya, maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, kwa hiyo stenlesi ya kawaida ya daraja la 304 inatosha kwa kazi nyingi.

Nakamua mawese. Shafti ya mashine inacheza ndani ya bushi, ule mkono wa shaba unaoishikilia. Je, bushi mpya nikaikatishe kwa maji? – Mama wa Mwanga

Hapana, mama yangu. Hiyo ni kazi ya lezi, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, na ninakusihi usikubali mtu akuambie vinginevyo. Mashine ya maji ikitunzwa vizuri inashika kipimo ndani ya sehemu ya kumi ya milimita, sawa na unene wa karatasi moja ya kuchapia. Kwa flanji hiyo ni safi. Kwa bushi ni nyingi mno.

Chukua shafti ya milimita 40. Tundu la bushi linachongwa kati ya 40.000 na 40.025, na shafti inakerezwa kati ya 39.950 na 39.975. Hiyo nafasi ndogo inayobaki ndiyo ya grisi. Ikizidi, shafti inagonga. Ikikosekana, inashika moto na kukwama katikati ya kukamua. Fundi wako apime kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, na bushi ikitoka kwenye lezi aiache ipoe kwanza, kwa sababu shaba yenye moto inadanganya kipimo. Tena aipime na shafti yenyewe sehemu tatu. Kama imelika katikati, bushi mpya peke yake haitakuponya.

Kipande nilichokatiwa kina chini pana kuliko juu, na ubavu una michirizi iliyolala. Nimeibiwa? – Fundi welda, Mwanga

Umekatiwa haraka. Mkondo unachoka kadiri unavyoshuka, ndiyo maana michirizi inalala nyuma na tundu linakuwa jembamba chini. Ukikatwa polepole ubavu unanyooka, lakini bei inapanda kwa kuwa mchanga unalika zaidi. Ukienda kuchomelea, usilipie ulaini huo. Pale beringi itakapokaa, omba uachiwe milimita moja au mbili, kisha umalizie kwenye lezi.

Nikiagiza kutoka mbali, nitume nini? – Msomaji wa Uvinza

Mchoro wenye vipimo vyote kwa milimita, unene, aina ya chuma, na alama ya pande zinazokutana na kifaa kingine. Pima kwa venia, ile rula ya chuma yenye taya. Futi ya kushonea haifai. Toka Dar es Salaam hadi Kigoma reli ina zaidi ya kilomita 1,200, na tundu likikosewa kipande kinarudi njia hiyohiyo. Meli yetu ya MV Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa na kuunganishwa upya hapa Kigoma kwa ribiti, ikaingia majini mwaka 1915. Matundu ya vipande vile yalilazimika kukutana huku huku, maelfu ya kilomita kutoka kiwandani.

Vioo je? – Muuza vioo, Ujiji

Kioo cha kawaida kinakatika vizuri, hata kwa maua. Kile kilichoimarishwa kwa moto, kama cha mlango wa gari, hakikatwi: kikiguswa tu kinasambaratika chote. Kikate kwanza, ndipo kipelekwe kuimarishwa.