Maswali na Majibu: Waziri, Gavana na Mwenye Benki

SWALI: Ndugu Mhariri, kwenye kikao cha SACCOS yetu ya wachuuzi wa samaki, mwanachama alidai riba ingeshuka kesho kama Waziri angemwamuru Gavana. Akasema nchi za Asia ziliendelea kwa sababu serikali zilizishika benki kuu mkononi. Ni kweli? – Mweka hazina, Makorora, Tanga

JIBU: Amesema nusu ya kweli, ndugu yetu. Kwa sheria ya Japani ya 1942, waziri aliweza kuiamuru Benki Kuu na hata kumwondoa gavana. Korea Kusini, waziri wa fedha ndiye aliyekiongoza kikao cha kupanga riba. Nchi zote mbili ziliachana na utaratibu huo kwa sheria za 1997, zilizoanza kutumika Aprili 1998.

Siku hizi Japani wajumbe tisa wa bodi ya Benki Kuu hupiga kura kupanga riba. Wawakilishi wa serikali huingia, husema, huweza kuomba uamuzi uahirishwe, lakini kura hawana. Tarehe 11 Agosti 2000 waliomba riba isipandishwe. Wajumbe wakalikataa ombi, wakaipandisha hadi asilimia 0.25. Uchumi ukadorora, na kufikia Machi 2001 benki ililazimika kurudi nyuma. Uhuru wa benki kuu hauzuii kukosea, ila kila mtu alijua aliyeamua ni nani.

New Zealand, ambako mfumuko wa bei ulipita asilimia 15 mwaka 1987, ilitunga sheria yake 1989. Kwa sheria hiyo, waziri na gavana walitia saini lengo la mfumuko na kulitangaza (la kwanza lilikuwa asilimia 0 hadi 2), kisha njia ya kulifikia akaachiwa gavana. Waziri alipotaka kulitengua, ilibidi amri ya maandishi itolewe, hadharani. Simu ya faragha haikutosha. Mfumuko ulishuka kweli, lakini ukosefu wa ajira ukapita asilimia 10. Anayeusifia uhuru huo bila kuitaja gharama hiyo hawatendei haki waliopoteza kazi.

Na riba ya kuamuru haidumu. Bei zikipanda, mwenye akiba hataki faida inayoliwa na mfumuko, na mkopeshaji naye hupandisha. Benki Kuu yetu imekuwa ikitangaza riba yake tangu Januari 2024, ilipoanza na asilimia 5.5. Riba ya SACCOS yenu hutegemea pia wasiolipa na gharama za ofisi.

SWALI: Mwenyekiti wa bodi yetu anaomba mkopo unaopita kiwango cha masharti. Anasema dhamana anayo. Tumpe? – Mjumbe, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Msimpe. Indonesia ilirahisisha kufungua benki mwaka 1988, na makampuni makubwa yakafungua za kwao. Amana za wananchi zikakopeshwa kampuni za wenye benki wenyewe. Ukomo wa mikopo hiyo ulikuwepo kwenye kanuni. Aliyekosekana ni wa kuusimamia. Tarehe 1 Novemba 1997 benki 16 zilifungwa kwa mpigo. Bima ya amana, inayowalipa wenye akiba benki ikifa, haikuwepo. Serikali iliahidi kumlipa kila mwenye akiba hadi rupia milioni 20 tu, na watu wakakimbilia kutoa fedha hata kwenye benki ambazo hazikuguswa. Mtoto wa Rais Suharto, mmoja wa wenye hisa katika benki iliyofungwa, alipata benki nyingine na kuendelea. Soedradjad Djiwandono, gavana wa Bank Indonesia, benki kuu iliyosimamia benki hizo, aliondolewa Februari 1998, kabla ya muda wake kwisha. Msimamizi anayeweza kung'olewa wakati wowote atamkatalia nani mkopo? Sheria ya kuipa Bank Indonesia uhuru ilikuja 1999.

Kwenu, mwombaji akiwa kiongozi, atoke nje wakati ombi lake linajadiliwa, na muhtasari uandike alitoka na waliobaki ni kina nani. Riba, muda na dhamana viwe vile vile vya mwanachama wa kawaida. Mkopo wa mkewe, mumewe, mwanawe au kampuni yake uhesabiwe pamoja na wake, maana huko ndiko ukomo unakopenyezwa. Hati ya nyumba ikaguliwe ofisi ya ardhi, nakala pekee haitoshi. Orodha ya mikopo ya viongozi, na salio la kila mmoja, isomwe mkutano mkuu.

Kisha fungueni leja yake ya mikopo ya nyuma. Mkikuta mkopo wa zamani ulimalizwa siku ile ile mpya ulipotoka, basi hakuna kilicholipwa: deni limebadilishwa tarehe tu, na riba imeingizwa kwenye hesabu kama faida wakati hakuna shilingi iliyoingia. Mkopo wa namna hiyo uandikeni kuwa chechefu, yaani usiolipwa, tangu malipo ya kwanza yalipokosekana, kabla ya kugawana gawio.