Kabla Hujachovya Brashi, Ijue Nguo

Sanamu yenyewe ilikuwa na kimo cha milimita 54. Mwanamke wa Mombasa, amejifunga leso (kanga) moja kifuani na nyingine ameitanda kichwani. Niliipaka rangi kwa wiki mbili nikifuatisha picha ya posta ya mwanzoni mwa karne ya 20, sikuacha doa wala mstari: nguo nyeusi, mapambo meupe. Nilipomaliza nikampelekea bibi yangu, Mji wa Kale. Akaisogeza dirishani, akaigeuza kwa ncha za vidole.

"Hiki si kisutu hiki? Bi harusi huyu. Mbona wamvisha kiza, mjukuu wangu?"

Kisutu, leso ya bi harusi, kina rangi tatu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wekundu wote niliuacha kwa sababu kwenye picha haukuwapo, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza picha za zamani zinatuambia nini hasa.

Dawa iliyopakwa kwenye vioo vya kupigia picha enzi hizo iliudaka vizuri mwanga wa buluu, lakini mwekundu ilikuwa kama haiuoni. Kwa hiyo kilicho chekundu kilitoka cheusi, na buluu ikatoka karibu na nyeupe. Ndiyo maana mbingu katika picha nyingi za wakati ule ni tupu kama karatasi. Jaribu mwenyewe: tandika leso yenye wekundu na buluu juani, ipige picha kwa simu, kisha kwenye programu ya kuhariri picha uache chaneli ya buluu peke yake. Mimi nilipofanya hivyo, wekundu wa kisutu ulizama ndani ya weusi hata nisiweze kuutenga. Basi picha ya zamani itumie kujua nguo ilivyofungwa, ilivyolaa begani, pindo ilifika wapi. Rangi katafute kwingine.

Jambo la pili ni kujua unayempaka ni nani na ni wa mwaka gani. Katika pwani yetu nguo ilitaja cheo cha mtu kabla hajafungua mdomo. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907. Ukipaka mjakazi wa miaka ya kabla ya hapo, nguo yake ya kawaida ni kaniki au merikani, si leso ya maua. Na kaniki usiipake nyeusi ya chupani. Ile ni nguo ya nili, buluu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, na ikifuliwa sana hupauka magotini na kwenye mikunjo. Mimi huchanganya buluu nzito na kahawia kidogo. Merikani nayo, iliyopewa jina la nchi ilikotoka, ilikuwa pamba isiyopaushwa, kwa hiyo nyeupe tupu itakudanganya. Tia manjano kidogo, iwe kama maziwa yaliyokaa.

Kosa ninaloliona mara nyingi, na linaniuma kwa sababu kazi huwa nzuri, ni leso ya karne ya 19 iliyoandikwa jina, yaani yale maneno ya kwenye leso, kwa herufi za Kirumi. Majina yalikuja baadaye, na ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kisutu cha asili hakina jina kabisa.

Vipimo je? Chukua rula uipime leso ya nyumbani. Yangu ilikuwa sentimita 150 kwa 110, pindo kama sentimita 15, herufi za jina sentimita 3. Sanamu ya milimita 54 ni kama mtu aliyepunguzwa mara 30, kwa hiyo ukigawa kwa 30, pindo ni milimita 5 na herufi ni milimita moja. Mimi hupaka pindo kwanza, halafu mji, yaani uwanja wa katikati, na jina mwisho kabisa.

Kwa mifano, nenda Biashara Street asubuhi kabla wateja hawajajaa, uombe kufunuliwa visutu. Duka la Mali ya Abdulla, lililoanzishwa mwaka 1887, liko huko. Sema wazi unatafuta nini. Wauza leso hupenda kuulizwa juu ya bidhaa zao. Kisha pita Fort Jesus, ukatazame michoro ya Wareno iliyobaki ukutani, hasa kama utapaka askari wao. Na wazee wa nyumbani waulize wakiwa hai.

Ile sanamu niliirudia. Nyekundu juu ya nyeusi hugeuka kahawia, kwa hiyo kila mahali pa wekundu nilipapaka nyeupe kwanza, nikangoja usiku kucha, kisha nikatia nyekundu nyepesi mara tatu. Bibi aliisogeza tena dirishani. Safari hii hakuuliza kitu. Aliita jirani aje amwone bi harusi.