Mawakili wasomi wapya, utetezi wa ugonjwa wa akili hausubiri siku ya utetezi

Wasomi mnaopangiwa mashauri ya mauaji kwa mara ya kwanza, kosa hili linarudi kikao hadi kikao, na anayeumia ni mteja.

1. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka utetezi wa ugonjwa wa akili uibuliwe mshitakiwa anapotakiwa kujibu shitaka. Lakini mnakutana na mteja asubuhi ileile, mnamkuta katulia kwa kuwa gerezani anapewa dawa, anakana, kesi inaendelea. Mashahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashitaka, wanapita wote. Siku ya utetezi ndipo mama yake anatoa kadi ya kliniki! Jamhuri wataiita hadithi ya kutungwa, na jirani aliyemwona akizungumza peke yake wiki nzima kabla ya tukio kashaondoka kizimbani bila kuulizwa. Someni maelezo ya mashahidi mapema. Mauaji yasiyo na sababu, mtuhumiwa aliyekaa pembeni ya maiti bila kukimbia: ukiona hayo, omba mahakama itoe amri ya uchunguzi wa akili kabla hajajibu shitaka.

Amri ile itaje maswali mawili. Leo anaweza kufuatilia kesi yake? Na siku ya tukio, alielewa anachofanya, alijua hakupaswa kukifanya, aliweza kujizuia? Amri isiyogusa siku ya tukio huleta kutoka Isanga, taasisi ya Dodoma inayochunguza akili za washitakiwa, taarifa ya mstari mmoja kwamba ana akili timamu. Sheria inawapa madaktari siku 42. Wapelekeeni nakala za kadi na maelezo ya ndugu, la sivyo watamwona tu mtu aliyetulizwa na dawa. Taarifa yao haiifungi mahakama. Mzigo wa kuthibitisha ugonjwa ni wa mshitakiwa, kwa kiwango cha uwezekano tu (kwamba yaelekea zaidi alikuwa mgonjwa kuliko la), kwa hiyo andaeni ndugu na majirani.

2. Mahojiano yasizidi nusu saa, swali mojamoja. Akisema majirani wamemwekea redio kichwani, usibishe, usikubali. Muulize ilianza lini, nani mwingine anajua, na uandike maneno yake yalivyo.

3. Kaka mtu anayekupigia simu kila siku si mteja. Maelekezo yanatoka kwa mshitakiwa.

4. Mahakama ikiona alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, harudi nyumbani jioni hiyo. Anawekwa kizuizini na jalada linakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria. Mteja na familia waelezwe haya kabla hajajibu shitaka.