Watenganishe kamba hao mapema

Ndugu yangu, umeuliza kama kamba wawili wenye mikono ya vunjajungu, uliopewa na wavuvi hapo Malindi, wanaweza kuishi pamoja katika tangi la lita 60. Nakusihi uwatenganishe leo hii. Kila mmoja hulinda shimo lake, na wale wapigao ngumi huweza kuirusha kwa kasi inayofikia mita 23 kwa sekunde. Wakipimana nguvu, hujikunja na kukinga pigo kwa ngao ngumu ya mkiani, lakini anayejiambua gamba hubaki laini kwa siku kadhaa, hana kinga wala silaha, na mwenzake akimfuata shimoni huweza kumuua. Wapo kamba wakubwa wa jamii hiyo, wadungao mawindo kwa mikono yenye miiba badala ya kupiga ngumi, waishio dume na jike katika shimo moja kwa miaka, ila hao huhitaji mchanga wa kina kirefu, ambao tangi lako haliutoshi.