Maswali Yenu: Seva ya Freeciv, saa ya zamu, na jirani anayepiga mara mbili

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za gemu moja, Freeciv, ile ya kujenga himaya kuanzia mkuki mpaka chombo cha anga za juu, kwahiyo nimeziweka pamoja tumalizane nazo.

SWALI: Shikamoo kaka. Tuko watano hostel hapa Morogoro, kila mtu ana laptopu yake, tunataka tucheze Freeciv wote kwa pamoja. Siku ya pili leo, mmoja anaiona seva vizuri tu, wengine wanaambiwa haipatikani, na bando la kila mtu limeshakata. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Huyo mmoja anayeiona, nabeti ndo mwenye laptopu iliyoanzisha gemu, si ndio? Sasa hapo ndo penyewe. Hii gemu hata ukicheza peke yako ni programu mbili, kuna seva inayoshika ramani na sheria na kuhesabu nani kafa, na kuna klayenti ambayo ndo zile picha unazoziona, imekuwa hivyo tangu wanafunzi watatu wa chuo kikuu cha Aarhus kule Denmark walipoanza kuiandika mwishoni mwa 1995, walitaka gemu ya aina ya Civilization ila watu wachezee kwenye mtandao. Sasa mwenzenu akibonyeza gemu jipya kwenye klayenti, inamwashia seva ya humohumo ndani kwake, ya kuchezea yeye na kompyuta, nyie wengine mnagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Fanyeni hivi. Chagueni laptopu moja yenye betri la kueleweka, ifungue freeciv-server yenyewe, ni dirisha jeusi la maandishi tu halina picha yoyote, msiogope. Bando liacheni kabisa, chukueni simu moja ya Android, zima data washa hotspoti, laptopu zote tano ziingie hapo, simu inakuwa ruta tu na hakuna hata kilobaiti inayotoka nje. Kwenye laptopu ya seva andikeni ipconfig kama ni Windows au ip addr kama ni Linux, mtapata anwani inayoanza na 192.168 mara nyingi, hiyo ndo wengine wanaijaza kwenye klayenti zao, porti ni 5556. Mwenye seva naye anaingia kwa klayenti kama mwingine yeyote, hana upendeleo.

Ikigoma bado, ni fayawoli ya Windows. Mara ya kwanza inauliza programu hii iruhusiwe kwenye mtandao au la, na watu tumezoea kubonyeza hapana kwa kila kitu. Rudini kwenye setingi za fayawoli muiruhusu. Halafu wifi ya hostel msihangaike nayo, nyingi zimefungwa makusudi vifaa visionane, utakaa hapo mpaka alfajiri unajilaumu bure.

Na vesheni! Wote muwe na vesheni moja, mwenye 3.0 hawezi kuingia seva ya 3.1, atakataliwa mlangoni. Apakue mmoja, wengine muwekeane kwa flashi, leseni yake ni GPL kwahiyo kunakili na kugawa ni haki yako wala si uharamia.

Mkishaingia wote, kwenye dirisha la seva andikeni "set aifill 7", hapo kompyuta inajaza wachezaji mpaka wafike saba, yaani nyie watano na wawili wa mashine, halafu "start". Ukiwa ndani ya klayenti komandi hizohizo unaziandika kwenye sehemu ya kuchati ila unatanguliza mkwaju, "/start". Ukisahau mkwaju unakuwa umewaambia tu wenzako neno start.

SWALI: Kaka habari za kazi. Sisi ni ndugu watatu, mimi niko Muscat, kaka yetu Tanga, mdogo wetu wa mwisho Minneapolis. Tulikuwa tukicheza pamoja nyumbani tukiwa wadogo. Tunaweza kucheza Freeciv kwa mbali hivi? Tukikaa kutafuta muda wa kukutana wote hatuupati.

JIBU: Dada, nzuri. Mnaweza, na nyie ndo mnaoifaidi hii gemu kuliko wale wa hostel, ila acheni kutafuta muda wa kukutana. Tanga ikiwa saa mbili usiku kwako ni saa tatu, Minneapolis ni saa sita mchana au saa tano kutegemea majira yao, kuna mtu yuko kazini hapo, haitakaa itokee. Chezeni zamu moja kwa siku. Kila mtu anaingia akipata nafasi, dakika kumi, anasogeza askari wake, anapanga miji, anatoka.

Komandi ni "set timeout 82800". Hizo ni sekunde, ni masaa 23. Kwanini 23 na sio 24? Ukiweka 24 zamu inageuka saa ileile kila siku, na kuna mtu mmoja kati yenu ambaye itamwangukia saa tisa usiku wakati wote, sasa ukiweka 23 inarudi nyuma lisaa limoja kila siku, maumivu mnagawana. Na wote mkimaliza mapema mkabonyeza kitufe cha kumaliza zamu haisubiri, inasonga.

Seva yenyewe isikae kwenye laptopu ya mtu. Kaka yako wa Tanga kama anatumia data ya simu, mitandao mingi ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwahiyo huko nje hakuna wa kumfikia hata afungue porti zote duniani. Kodini seva ndogo ya Linux ya mtandaoni, ya kulipia kwa mwezi, ile ya bei ya chini kabisa, GB moja ya RAM inatosha, gemu za zamu hazina njaa. Kwenye Ubuntu au Debian ni "sudo apt install freeciv-server", na kama fayawoli ya ufw imewashwa "sudo ufw allow 5556/tcp". Ila kabla ya kuiwasha fungua kwanza tmux, programu inayoacha kazi iendelee hata ukiondoka, nasisitiza. Mimi ya kwanza niliiwasha kavukavu, nikawaita watu, tukacheza jioni nzima vizuri kabisa, nikafunga dirisha la SSH, lile la kuingilia seva kwa mbali, nikalala zangu, asubuhi simu ina meseji nane, seva ilikufa palepale nilipofunga dirisha. Ndani ya tmux unabonyeza Ctrl na b, unaachia, halafu d, unatoka na yenyewe inabaki inaendelea.

Kitu kingine, seva ikiwashwa hivihivi haiulizi nywila, anayejua anwani anaingia. Kwa watu watatu wa familia ningewaunganisha kwa WireGuard au Tailscale, programu za kutengeneza mtandao wenu binafsi juu ya intaneti, hapo hata hiyo porti huifungui kwa dunia.

SWALI: Bro kuna jamaa kwenye gemu yetu anasubiri sekunde za mwisho za zamu, anasogeza jeshi lake mpaka mlangoni kwangu, zamu ikigeuka tu anapiga hapohapo mimi hata sijashika mausi. Kanichukulia miji miwili. Huu si wizi? (Kisumu)

JIBU: Kwa sheria za gemu sio wizi, wote mnasogeza kwa wakati mmoja na mwenye vidole vyepesi anakula. Lakini dawa ipo na wengi hawaijui, inaitwa unitwaittime. Mkiweka "set unitwaittime 20", askari aliyesogea sekunde 5 kabla ya zamu kugeuka hawezi kufanya kitu mpaka sekunde 15 za zamu mpya zipite. Wale wa zamu ya siku nzima wekeni 36000, ni masaa 10, mtu akisogea masaa mawili kabla ya zamu kugeuka anasubiri nane, unapata muda wa kuamka na kunywa chai ukafunga mlango. Haikubali kuzidi theluthi mbili za timeout, kwahiyo msiongeze tu ovyo.

Na wewe nawe usirundike jeshi lote kwenye kigae kimoja cha ramani nje ya mji. Kawaida killstack inakuwa imewashwa, mlinzi mmoja akifa waliosimama naye wote wanakwenda. Nahisi hiyo miji miwili ilienda kwa njia hiyo, hujasema tu.

SWALI: Umeme ukikatika katikati ya gemu tunaanza upya? Na mtu akiacha kucheza tunafanyaje? Dar.

JIBU: Hamuanzi. Mwanzoni kabisa wekeni "set saveturns 1", itasevu kila zamu, faili zinaangukia kwenye folda ulilowashia seva, jina lina T na namba ya zamu. Umeme ukirudi ni "freeciv-server -f" halafu jina la faili la mwisho, watu wanaingia kwa majina yaleyale waliyotumia, herufi kwa herufi, mnaendelea. Kama seva ni laptopu zimeni ile setingi ya kulala ukifunga kifuniko, binamu yangu alikifunga aende kuoga tukakaa wanne tunatazamana.

Anayeacha, washeni "set autotoggle enabled", akitoka kompyuta inamchezea, akirudi inamwachia. Wengine wakirudi wanakuta nchi imenawiri kuliko walivyoiacha, wanakuwa wakali kidogo.