Usianze na bajeti, anza na deni

Mwalimu mwenzangu, umesema umepewa kipindi kimoja cha klabu kwa wiki uwafundishe kidato cha tatu na cha nne mambo ya pesa, na unapanga kuanza na bajeti. Mimi hufundisha Hesabu na Biashara katika shule ya kutwa nje kidogo ya Kisumu, na nilianza hivyo hivyo. Nikaandika ubaoni: asilimia 50 mahitaji, 30 starehe, 20 akiba. Msichana wa dawati la nyuma akainua mkono: "Mwalimu, asilimia ya nini?" Darasa likaangua kicheko. Nikafuta ubao.

Hawa hawana mshahara, wana nauli na hela ya mandazi. Lakini deni wanalijua. Wameona mzazi akisoma ujumbe wa mkopo wa simu kisha akanyamaza. Na wao wenyewe, wakishafika miaka 18 wakapata kitambulisho na laini ya jina lao, mkopo uko mfukoni tayari. Nikahamia hapo.

Hesabu yangu ni moja tu, huirudia kila mwaka. Kopa shilingi 1,000 kwa simu kwa ada ya 7.5% kwa siku 30. Ada ni shilingi 75, wote husema "si kitu". Sasa ukope hivyo kila mwezi, mwaka mzima: 900. Halafu 1,000 hiyo hiyo ukope sacco (chama cha akiba na mikopo) kwa riba ya 1% kwa mwezi, inayotozwa kwenye deni lililobaki tu, ulipe kwa miezi 12. Waache wapige hesabu ya kila mwezi wenyewe, usiwasaidie. Jibu ni 65. Riba ya mwaka mzima haifiki ada ya mwezi mmoja ya simu! Hapo hunyamaza.

Kijana mmoja ambaye mamake huuza omena soko la Kibuye hakunyamaza. "Mwalimu, sacco itakupa pesa alfajiri, samaki wakiwa wameshafika?" Alikuwa na haki. Tukamalizia kipindi na swali lake: faida ya mzigo huo inazidi 75? Ikizidi, kopa, ulipe. Ukikopa ya viatu, hiyo 75 itatoka wapi? Kipindi hicho kilinifunza mimi zaidi yao. Kubeti nako huingia hapo hapo, bila mahubiri; wape tu daftari waandike walichoweka na walichopata kwa mwezi.

Jambo la pili: waanzishe chama cha kweli, pesa kidogo. Mwambie mkuu wa shule kwanza, na wazazi wajue. Sisi tulikuwa 24, kila mtu 20 kwa wiki, mmoja anabeba 480. Wiki ya tatu, aliyebeba wiki ya pili akaacha kuchanga. Ilibaki kidogo nimlipie ili mambo yasiharibike, na nashukuru sikufanya hivyo. Walibishana vipindi viwili. Mmoja alitaka afukuzwe, mwingine akauliza kama anayefukuzwa hulipa. Mwishowe wakaandika sheria zao: kila mtu awe na mdhamini, na anayejulikana kwa kuchelewa abebe mwisho. Yule aliyeacha kuchanga alilipa kumi kumi mpaka muhula ukaisha. Ukiwasomea mdhamini ni nini kutoka kitabuni watasinzia, niamini.

Na usihifadhi pesa zao kwenye simu yako. Mimi niliziweka, siku moja nikatoa 100 ya boda, nikairudisha jioni. Ijumaa mweka hazina akaomba aone taarifa ya akaunti, akaweka kidole kwenye ile 100 na kunitazama. Siku hizi zinakaa kwenye kopo la kufuli mbili, na funguo zote mbili ziko kwa wanafunzi.